Mnyonge asipewe bastola ndogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie teke la bastola, jambo ambalo hapa kwetu husemwa barazani kwa mzaha zaidi kuliko kwa ujuzi. Kila wanapoajiriwa walinzi wa benki, wa bohari za bandarini au wa mahoteli ya pwani, maneno ni yale yale. Dada huyu mwembamba, bastola itamrusha. Kijana yule mkono wake kama ukuti. Mzee yule keshachoka. Na mwenye huruma akitaka kuwasaidia, huwatafutia bastola ndogo kuliko zote, ile ya kuingia mfuko wa koti, kwa hoja kwamba mtu mdogo apewe kitu kidogo. Huruma hiyo ndiyo inayowaumiza.

Nasema na wakufunzi, wakuu wa ulinzi na wale walio na kibali cha kushika silaha. Asiye na kibali barua hii haimhusu, na uwanja wa shabaha wenye msimamizi ndio mahali pekee pa kuyafanya haya nitakayoyaeleza.

Risasi ikienda mbele, bastola hurudi nyuma. Hilo linasomeshwa skuli. Tuliweke katika hesabu. Risasi ya milimita 9 kwa 19 (unene wa kichwa kwa urefu wa ganda), iliyo ya kawaida kuliko zote siku hizi, ina kichwa cha greni 115, yaani kama gramu 7.5, kinachotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde. Ongeza msukumo wa gesi ya baruti inayofuata nyuma yake. Bastola ya uzito wa kilo moja itarudi mkononi kwa mwendo wa mita 3 hivi kwa sekunde. Bastola ya nusu kilo, kwa risasi ile ile, itarudi kwa mita 6. Nishati inayomfikia mpigaji ni juli 4.5 kwa ile nzito na juli 9 kwa ile nyepesi. Uzito umepungua nusu, kipigo kimekuwa mara mbili. Sasa mwangalie yule mnyonge aliyepewa kidude cha gramu 400 ili asichoke kukibeba.

Ndogo ina makosa mengine pia. Mpini wake ni mfupi, kidole cha mwisho hakina pa kushika na mara nyingine cha pete nacho kinaning'inia. Vilengeo vyake vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye karatasi. Na kama ni rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ndogo ya aluminiamu yenye mtutu wa inchi 2, kifyatulio chake kinataka kuvutwa kwa nguvu ya kilo 5 hivi, wakati chombo chenyewe hakifiki nusu kilo. Mtu anavuta kwa nguvu mara kumi ya uzito wa kitu anachojaribu kukituliza! Hiyo ni silaha ya mtu mzoefu, na hata mzoefu haipigi kwa furaha.

Kwa mwanafunzi asiye na nguvu, tafuta chuma. Rivolva ya risasi ya .38 ya mtutu wa inchi 4 kama Smith & Wesson Model 10 inakaribia kilo moja, na nyundo yake ikitanguliwa kuvutwa nyuma kwa gumba, kifyatulio huwa chepesi kwa kujifunzia. CZ 75 ya chuma kitupu nayo ni kilo moja. Glock 17 ina fremu ya plastiki na uzito wa gramu 630 hivi bila magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini), lakini ikijazwa risasi zake 17 inapita gramu 900, kwa sababu kila risasi moja ya milimita 9 ina kama gramu 12. (Ndiyo kusema risasi ya mwisho katika magazini ina teke zaidi ya ile ya kwanza, ingawa mkono wa mgeni hautambui.) Makarov huwadanganya watu. Ina gramu 730 na risasi yake ni dhaifu kuliko ya 9 kwa 19, lakini slaidi yake, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi kila risasi ikipigwa, haina kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi ngumu tu. Matokeo yake teke ni kali na la ghafla, na kuivuta slaidi ni kazi kwa mwenye vidole vyepesi.

Atakayesema kilo moja ni nzito kwa mkono dhaifu anasema kweli, lakini dawa yake ni rahisi. Usimwache mwanafunzi amenyoosha mikono dakika nzima akitafuta shabaha. Apige risasi 3, alaze bastola juu ya meza mdomo ukielekea shabaha, apumue, ashike tena. Sekunde 10 za kunyoosha mikono zinatosha. Zikipita, kilengeo cha mbele kinaanza kucheza kama boya, na hapo hata bingwa hapati.

Kabla ya hiyo milimita 9 kuna risasi ya .22, na mkufunzi anayeiruka anajitafutia kazi ya mwezi mzima. Kichwa chake ni gramu 2.6 tu. Katika bastola ya kilo moja, teke lake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya teke la milimita 9. Wanawake wanaoshindana katika Olimpiki kwa bastola ya mita 25 wanapiga .22 hiyo hiyo, na wa mita 10 wanapiga bastola ya upepo isiyo na baruti kabisa, kwa hiyo asije mtu akasema ni mchezo wa watoto. Kuna wanaoona haya kumpa mlinzi mtu mzima bastola ya .22 mbele ya wenzake. Haya hizo ziwekwe pembeni.

Risasi zenyewe nazo si sawa ingawa boksi limeandikwa 9 kwa 19. Tazama kitako cha ganda. Likiwa na alama ya +P, ni ya mgandamizo mkubwa. Mweke mbali mwanafunzi. Likiwa na msalaba ndani ya duara, ni ya kijeshi ya kiwango cha NATO, nayo kwa kawaida ni kali kuliko ya kibiashara ya kulengea shabaha. Wako wanaopendelea kichwa kizito cha greni 147 kiendacho polepole. Kwa hesabu msukumo wake hautofautiani sana na wa greni 115, lakini mkono unausikia kama kusukumwa kuliko kupigwa kofi. Kwa rivolva, bora ni .38 yenye kichwa bapa cha greni 148, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi. Na rivolva iliyoundwa kwa .357 Magnum inapiga .38 Special bila tatizo, tena kwa upole kwa sababu ni nzito. Kinyume chake hakifanywi kamwe.

Nije kwenye mshiko, maana hapo ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi, na hapagharimu hata shilingi.

Mkono wenye nguvu ndio unaoanza. Pale panapoachana gumba na kidole cha shahada papandishwe juu kabisa ya mgongo wa mpini, pagote chini ya ule mkia wa chuma uliojitokeza nyuma, pasibaki nafasi ya kupitisha hata unyasi. Mtutu uko juu ya mkono, na teke linapita kwenye mstari wa mtutu. Kadiri mkono unavyoshuka chini ya mstari ule, ndivyo bastola inavyopata wenzo wa kuinua pua. Anayeshika chini, hata awe mchukuzi wa magunia pale Malindi, bastola yake itaruka.

Mpini ukishashikwa, tazama upande wake mwingine: pamebaki sehemu tupu baina ya ncha za vidole na kitanga. Hapo ndipo pa tako la kitanga cha mkono wa pili. Pajazwe nyama yote, kisha vidole vinne vizunguke juu ya vidole vya mkono wa kwanza, cha shahada kikibana chini ya kikingio cha kifyatulio. Magumba yote mawili yaelekee mbele, yamelala ubavuni, moja juu ya jingine. Kifundo cha mkono wa pili kiinamishwe mbele kidogo, kama mtu anayeonyesha kitu kwa gumba. Kikiwa katika mkao huo kinafungika chenyewe bila kutumia nguvu.

Mkono wa kwanza ubane kutoka mbele kwenda nyuma, wa pili ubane kutoka ubavuni, kama meno ya jiliwa la fundi seremala. Na wa pili ubane zaidi. Wengi tunafundisha sita kwa nne. Mkono wa kwanza ukibana kwa nguvu zote, kidole cha shahada hakiwezi kwenda peke yake, kinavutwa pamoja na wenzake na bastola nzima inageuka. Mwanafunzi mnyonge ndiye hasa anayekosea hapa, kwa sababu ameambiwa "kaza mkono" bila kuambiwa upi. Anaikama bastola kama kanga ya kuanikwa, mikono inatetemeka, na teke liko pale pale.

Makosa mawili ya mshiko yazuiwe siku ya kwanza. La kwanza ni kuweka mkono wa pili chini ya magazini, kama anayekinga kikombe cha kahawa. Unabeba uzito lakini hauzuii chochote, pua inainuka na mikono inaachana. La pili ni hatari: kupitisha gumba la mkono wa pili nyuma, juu ya mkono wa kwanza. Slaidi inarudi nyuma kwa kasi na itachana ngozi ya gumba hilo. Kwa rivolva kuna sheria yake: magumba yakunjwe chini, moja juu ya jingine, yasisogee mbele hata kidogo, kwa sababu pale silinda inapokutana na mtutu hutoka gesi ya moto ubavuni yenye nguvu ya kukata nyama.

Mkono mdogo upimwe kwa mpini. Ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio huku mtutu ukiwa katika mstari mmoja na mfupa wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama mwanafunzi analazimika kuzungusha mpini ili kidole kifike, teke lote litaishia kwenye kifundo cha gumba, na jioni hawezi kufungua mlango. Bastola nyingi za sasa zina mgongo wa mpini wa kubadilishwa, mdogo, wa kati na mkubwa, unaotoka kwa pini moja. Mara nyingi tunaukuta ule wa kati tangu siku bastola ilipofunguliwa kwenye boksi, na vile viwili vingine vimepotea kabatini.

Halafu jasho. Kiangazi cha kwetu, mwezi wa pili, mkono hauwi mkavu hata dakika tano. Mpini uliopanguswa mafuta pamoja na bastola nzima ni kosa la mtunza ghala: mafuta yakae kwenye njia za slaidi na ndani, mpini ufutwe kwa kitambaa kikavu. Kipande cha utepe wenye sura ya msasa kikibandikwa pande mbili za mpini kinasaidia kuliko glavu.

Kusimama hakutaki maneno mengi. Watu wa pwani wanajua namna mtu anavyosukuma ngalawa kuiingiza majini: miguu imeachana upana wa mabega, mmoja nyuma nusu hatua, magoti yamelegea, kifua kimetangulia kiuno, mikono imenyooka lakini viwiko havijafungwa. Mkao huo huo. Mnyonge akiachiwa hufanya kinyume. Uzito wa bastola unamvuta mbele naye anajitupa nyuma kusawazisha, kama aliyebeba ndoo ya maji mbele ya tumbo. Teke likimkuta amejiegemeza nyuma linamsukuma hatua nzima, na barazani watasema: si tulisema itamrusha?

Sasa masikio, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya kile ambacho mwanafunzi anakiita teke ni kishindo. Bastola inatoa sauti inayopita desibeli 150, na sauti ya ghafla ya kuanzia desibeli 140 inatosha kuharibu masikio. Mwili hauogopi kusukumwa. Watoto wanasukumana kutwa. Unaogopa mlipuko mbele ya uso. Kinga zivaliwe mbili: kizibo cha sponji ndani ya sikio, na kikinga cha nje juu yake. Kizibo kiviringishwe baina ya vidole mpaka kiwe chembamba, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingizwe, kishikiliwe kwa kidole sekunde 20 mpaka kivimbe. Kikiingizwa robo tu hakizuii kitu.

Wanafunzi wetu wengi wa kike wanavaa mtandio, na kikinga cha nje kikikaa juu ya kitambaa kinaacha upenyo pembeni. Kwa hiyo kizibo cha ndani kwao ni lazima, kiwekwe kabla ya mtandio kufungwa. Na mtandio wenyewe uchomekwe ndani ya shati lililofungwa kifungo cha juu. Maganda yanaruka upande wa kulia yakiwa ya moto. Likidondoka moja shingoni na kunaswa na kitambaa, mtu atageuka kulitoa akiwa bado na bastola mkononi, mdomo ukielekea kwa wenzake. Msiite huo woga. Ni kosa la aliyemsimamisha pale bila kumtayarisha. Miwani ya kukinga macho nayo ni kwa kila mtu aliyepo, hata anayetazama.

Kuna jambo linalowapa wanyonge jina baya wasilostahiki kila mara: kukwama. Bastola ya slaidi inategemea mkono uizuie fremu ili slaidi irudi nyuma peke yake. Kifundo kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho wa safari, na ganda linasimama wima mlangoni kama dohani ya meli, au risasi inayofuata haisukumwi chembani, pale inapokaa tayari kupigwa. Basi mkufunzi anatangaza kwamba huyu mkono wake hauwezi silaha. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Hewa yetu ya chumvi inakula springi na kukausha mafuta, na risasi zilizokaa miaka katika ghala lenye unyevu hupoteza nguvu. Njia ya kujua ni moja: bastola ile ile, magazini ile ile, risasi za boksi lile lile, apige mkufunzi risasi 10. Ikikwama na kwake, apelekewe fundi wa silaha. Isipokwama, rudini kwenye mshiko, na uangalieni ule mkono wa pili kwanza. Rivolva haina ugonjwa huu hata kidogo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiheshimu ingawa vijana wanaiona ya kizamani.

Kuivuta slaidi pia kunawashinda wengi, na kunawashinda kwa sababu wanaivuta kwa ncha za vidole viwili, mikono ikiwa mbali na mwili. Bastola iletwe karibu na kifua, mdomo ukibaki kuelekea shabaha, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Mkono wa pili uishike slaidi kwa juu, upande wa nyuma, kwa vidole vinne na kitanga kizima, bila kuufunika mlango wa kutolea maganda. Kisha mkono wenye bastola usukume mbele kwa nguvu huku wa juu ukivuta nyuma. Kusukuma kunatumia misuli ya kifua na bega, ambayo kila mtu anayo zaidi ya misuli ya vidole. Ikifika mwisho iachiwe ghafla irudi yenyewe. Anayeisindikiza polepole kwa mkono huikwamisha. Kama bastola ina nyundo ya nje, nyundo ikitanguliwa kuvutwa, slaidi inakuwa nyepesi zaidi.

Adui wa mwisho yuko kichwani. Mwanafunzi akishapigwa na teke mara mbili tatu anaanza kulisubiri, na nusu sekunde kabla ya mlio anaisukuma bastola chini ili kulizuia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, matundu yanajikusanya chini kushoto. Mwenyewe hajui, kwa sababu teke linaficha kila kitu. Ili ajione, mkufunzi achukue magazini akiwa amempa mgongo, ajaze risasi 3 za kweli na 3 bubu zisizo na baruti, zimechanganywa bila mpango. Mwanafunzi apige. Ikifika risasi bubu, kifyatulio kitalia "tak" tu, na hapo wote wawili watauona mdomo wa mtutu ukizama chini kama pua ya dau linaloshuka wimbi. Hakuna haja ya kumsema. Macho yake yamekwisha kumsema. Arudie mpaka "tak" ije na mdomo usitikisike; wengine inachukua magazini 4, wengine siku tatu.

Msingi wa zoezi hilo ni kupiga bila risasi. Chumba kisicho na risasi hata moja, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, mdomo uelekee ukuta imara. Weka sarafu ya shilingi 100 juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, vuta kifyatulio polepole, sarafu isianguke. Mara 20 kwa siku zinatosha. Bastola nyingi za sasa za milimita 9 hazidhuriki kwa hilo. Ya .22 isifanyiwe hivyo ikiwa tupu, maana pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba. Itiwe ganda lililokwisha kupigwa.

Siku ya kwanza ya risasi za kweli, karatasi kubwa iwekwe mita 5, wala si 25. Apige .22 risasi 30. Akitulia, apewe milimita 9, lakini magazini itiwe risasi moja tu. Hili silipunguzi: mgeni akishtuka, kidole kinaweza kuvuta mara ya pili bila kukusudia wakati mdomo umekwisha kuinuka kuelekea juu au kumgeukia yeye. Ikiwa ndani hamna risasi ya pili, hakuna ajali. Moja moja mara 5, kisha mbili mbili, kisha tatu tatu. Jumla ya milimita 9 isizidi 25 siku hiyo. Mikono ikianza kutetemeka, funga hata kama boksi halijaisha; risasi zinazopigwa kwa mkono uliochoka zinafundisha makosa. Mwezi wa Ramadhani zoezi liwe asubuhi, kabla mwili haujaishiwa.

Vifaa vya kuongeza nitavigusa tu, kwa kuwa wauzaji wanavisifu kupita kiasi. Taa ya kufunga chini ya mtutu inaongeza gramu 100 na kitu pale mbele panapohitajika uzito, nayo inasaidia kweli. Mpini wa mpira mnene kwa rivolva unasaidia sana. Matundu ya kutolea gesi juu ya mtutu yanazuia pua isiinuke, lakini yanaongeza kishindo na mwako, yaani yanamtibu mgeni mkono na kumzidishia khofu. Na risasi dhaifu inaweza kushindwa kuiendesha slaidi. Kubadilisha springi ya kurudishia waachieni mafundi. Nyepesi mno, slaidi inaigonga fremu kila mara mpaka ipasuke. Ngumu mno, mnyonge hawezi kuivuta na bastola inakwama.

Nguvu nayo inaongezeka. Chupa ya maji ya lita moja ina uzito wa kilo moja, sawa na bastola ya chuma. Ishikwe kwa mikono miwili iliyonyooka, sekunde 20, ipumzishwe, mara 5, kila siku mbili. Kuminya mpira mdogo wakati wa kusubiri daladala kunatosha kwa vidole. Wala tusiwe wepesi wa kuita mkono dhaifu: mkono uliokuna nazi tatu kabla ya adhuhuri na kukamua tui lake una mbano ambao mabaharia wengine wa mdomo hawana.

Ombi langu kwa wakuu wa ulinzi ni la karatasi moja tu. Kila mwanafunzi afunguliwe kadi yenye mambo manne: mgongo upi wa mpini unaomfaa, bastola ipi aliyopiga, risasi za aina gani na ngapi, na matundu yameangukia wapi. Kadi hiyo imfuate kwenye lindo, ili siku anapokabidhiwa silaha ya kazi asipewe iliyobaki kabatini kwa sababu tu ni ndogo na hakuna mwingine aliyeitaka.

Mkufunzi wa shabaha,
Chake Chake, Pemba.